Maneno Manne Aliyobaki Nayo Babu

Yeoville, Jumamosi mchana

Riziki mwanangu,

Sikuulizi hujambo, maana nimekusikia asubuhi ukiimba bafuni, na mtu mwenye homa haimbi namna ile. Sasa uko saluni kwa Mama Claudine, na kwa mtindo wa nywele uliouchagua hutainuka kwenye kile kiti kabla ya jioni. Nimeona nitumie nafasi hii kukuandikia. Babu yako ameketi dirishani, amenipa mgongo, anatazama teksi zinavyogombania abiria pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani. Sanduku lako limefungwa, liko karibu na mlango. Ndege yako ya kwenda Urusi ni kesho.

Na bado hujakubali kuipanda.

"Mama, mimi sitanii," uliniambia ukivaa viatu. "Kama Babu haongei na wewe, siendi. Finish."

"Chuo kitakusubiri?"

"Chuo kina watu wengi. Babu ana mimi tu."

"Na mimi je? Mimi ni jirani?"

Ulifunga kamba za viatu taratibu, ukijua unachotaka kusema kitauma. "Eish, Mama. Wewe unamhudumia. Huongei naye. Leo mko wawili, cheza naye karata. Nikirudi nitamwuliza yeye, sitakuuliza wewe."

Basi hii ni barua ya mama aliyepewa mtihani na mtoto wake, na ambaye mpaka sasa anafeli. Tumecheza mara mbili. Hakutamka neno. Mara ya pili alizisukuma karata zote zikaanguka sakafuni, akageukia dirisha. Nimeziokota, nimezipanga, nimeketi kuandika, kwa sababu nikiwa na kalamu mkononi huwa nafikiri vizuri zaidi kuliko nikiwa na mdomo wazi. Hilo unalijua.

Habari za soksi za sufu, dawa ya kifua, na kutomwachia mtu pasipoti yako sitaziandika. Mama Claudine anakueleza hayo yote sasa hivi, na kwa kuwa ameshika kichwa chako, huna pa kukimbilia. Wale wa kanisani wanaoniuliza kama nampeleka mtoto vitani nimekwisha kuwajibu. Nimepiga simu chuoni mwenyewe, nimeuliza mpaka wamechoka na sauti yangu, na nimeridhika. Mimi nataka kukuandikia juu ya maneno manne ya karata, na juu ya watu watatu wanaoishi nayo katika nyumba hii.

Vini, kresti, bubi, chirva. Hukumbuki ulijifunza lini, kama usivyokumbuka ulijifunza lini kusema maji. Mimi nakumbuka. Nilikuwa msichana wa shule nilipokuzaa, na baba yako alikwenda Cape Town kutafuta kazi akasahau njia ya kurudi. Babu yako hakunipigia kelele. Alikuwa analinda usiku kwenye nyumba za matajiri kule Midrand, anarudi asubuhi na sare yake, na badala ya kulala alikuwa anakupokea mikononi mwangu ili mimi niende darasani. Mlilala pamoja, mkaamka pamoja, na mchana mlicheza. Hakuwa na vitu vya watoto. Alikuwa na karata. Kabla hujajua kuhesabu ulikuwa unazitenganisha kwa alama zake kwenye mkeka: nyeusi zenye ncha ni vini, nyeusi zenye majani matatu ni kresti, nyekundu zenye pembe ni bubi, nyekundu za moyo ni chirva.

Ulidhani ni Kiswahili. Kwa nini usidhani? Babu alikuwa anasema Kiswahili, na maneno yale yalitoka kinywani mwa Babu.

Unakumbuka ulivyorudi ukilia kutoka kwa Fundi Shabani, yule mshonaji kutoka Tanga? Kulikuwa na mchezo pale dukani kwake, juu ya meza ya kukatia vitambaa, na wewe ukajipenyeza katikati ya watu wazima. Alipoweka karata ukapiga kelele, "Kresti! Babu angeila hiyo kwa turufu!" Fundi akaweka mkasi chini.

"Kresti ndiyo mdudu gani, mwanangu? Hiyo ni pau."

"Ni kresti."

"Pau, shupaza, kopa, uru. Hivyo ndivyo zinavyoitwa tangu babu wa babu yangu. Nyinyi Wakongo mnaharibu lugha mchana kweupe!"

Kijana mmoja wa Burundi aliyekuwa anasubiri suruali yake akasema wote mmekosea, jina lake ni la Kifaransa, na duka zima likaangua kicheko. Ulirudi mbio, ukasimama mbele ya Babu ukiwa umekunja ngumi. "Fundi anasema Kiswahili chetu si Kiswahili!"

Babu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakuketisha, akakueleza kwamba alipokuwa kijana alipelekwa na serikali ya nyumbani kwenda Urusi kusomea upimaji wa migodi, kwamba bwenini kulikuwa na baridi inayopasua chupa, na kwamba Warusi walimfundisha mchezo mmoja usio na mshindi. "Una mjinga tu," alikuambia. "Wote wanajitahidi kumaliza karata zao. Anayebaki nazo mkononi, huyo njo mjinga. Wanamwita *durak*. Halafu wanachanganya tena, na kila mtu anasahau." Majina ya karata aliyachukua hapo, akayaleta Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi tukayaleta huku, katika mfuko mmoja na vyeti vyake ambavyo hakuna aliyewahi kutaka kuviona.

Mimi nilikuwa jikoni siku ile, nilisikia yote. Sikucheka. Nataka ujue kwa nini.

Kule Lubumbashi, nikiwa mdogo kuliko wewe wa siku ile, kazi ya mgodi ilipokufa, baba yangu na wenzake waliosoma naye walikuwa wanakutana barazani kwetu kila alasiri. Majirani waliwaita "Warusi". Walikuwa wahandisi, wapimaji, daktari mmoja wa mifugo. Wote walikuwa na mashati yaliyopigwa pasi na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kwenda. Walikuwa wanatupa karata mezani na kupaza sauti, vini, bubi, chirva, na mama yangu alikuwa anapita katikati yao na ndoo ya maji bila kuwatazama. Nilijifunza kutoka mgongo wa mama yangu kwamba karata ni kitu kinachomla mwanaume. Nilikuwa nimekosea. Kilichowala kilikuwa kingine, na karata ndizo zilizowafanya watoke kitandani asubuhi na kupiga pasi yale mashati. Lakini mtoto anaona meza, haoni mgodi.

Kisha tukaja huku. Tuliishi Joubert Park kwanza, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia, familia tatu. Nilikuwa mzuri shuleni, na nilikuwa na hofu. Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa wanasimamishwa barabarani na kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu, ili wageni wajulikane na kupigwa. Nilijifunza jina la kiwiko. Nilijifunza majina ya kila kiungo cha mwili, na nikajifunza kuyatamka kama msichana aliyezaliwa Soweto. Simu ikilia kwenye teksi na nikaona ni Babu, sikupokea, ili asije akanilazimisha kujibu kwa Kiswahili mbele ya watu. Nilikuwa naishi kwa kusema kila kitu kwa usahihi. Usahihi ulinipa shahada, ukanipa kazi ya nyaraka za forodha pale Midrand, ambako kosa la herufi moja linazuia lori mpakani, na mimi sizuii malori. Najivunia hilo. Nimelipata kwa jasho, na sitaki uje uchukulie kwamba mama yako alikuwa mwoga tu.

Ila kitu kilichonisaidia mlangoni nilikiingiza mpaka chumbani. Hapo ndipo nilipokosea.

Babu alipopata kiharusi, alirudi kutoka hospitali akiwa na upande mmoja wa mwili na kinywa kisicho na kitu. Kiswahili kilikuwa kimeondoka. Kifaransa kilikuwa kimeondoka. Hata jina lako alikuwa analitafuta usoni mwako, analiona, halafu linamponyoka. Yule dada wa hospitali alitupa picha: kikombe, kitanda, choo, mkate. Nami nikawa mwalimu. Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa naketi mbele yake na picha zangu.

"Baba, hiki ni nini? Chai. Sema chai."

Alikuwa ananitazama.

"Cha. I. Baba, jaribu."

Nilifanya hivyo kwa upendo, Riziki. Na nilikuwa naona jinsi mtu aliyepima migodi yenye giza kilomita chini ya ardhi alivyokuwa anazidi kuwa mdogo kwenye kiti, lakini nilidhani ni ugonjwa.

Siku uliyomrudishia sauti nilikuwa napanda ngazi na mifuko ya sokoni. Nikasikia sauti yake. Nilisimama kwenye ngazi kama mtu aliyeitwa na marehemu. "Bubi!" alisema. Na wewe ukajibu, "Bubi gani, Babu, hiyo ni ndogo, leta nyingine!" Nikafungua mlango. Ulikuwa umechukua brashi ya kusugulia sakafu, ukaigeuza manyoya juu, na ukasimamisha karata zake katikati ya manyoya ili azione zote bila kuzishika, kwa sababu mkono mmoja hauwezi kushika na kucheza. Ni nani aliyekufundisha hilo? Hakuna. Ulifikiri tu. Nimefanya kazi na watu wenye vyeo ambao hawajawahi kufikiri kitu kizuri kiasi hicho.

Kisha ukafanya jambo kubwa zaidi. Uligundua kwamba maneno yale manne hayakuwa yanatoka kwenye mchezo peke yake. Alikuwa anasema bubi alipoona birika. Alikuwa anasema vini alipogeuza ule mkono mbovu. Mwingine angesema mzee amechanganyikiwa. Wewe uliketi, ukasikiliza siku kadhaa bila kumwambia mtu, halafu ukaja kunieleza kama mtu anayeleta ripoti: "Bubi ni chai, au njaa. Vini ni maumivu. Kresti ni yatosha, nataka hewa, fungueni dirisha. Chirva ni nzuri, nimependa, asante."

"Kwa nini kresti iwe dirisha?"

"Usiulize kwa nini, Mama. Fungua tu."

Na ikawa lugha ya nyumba hii. Hata Mama Claudine akija anauliza mlangoni, "Mzee leo iko bubi ao iko vini?" Mchungaji alipokuja kuomba, akaomba kwa muda mrefu kama kawaida yake, Babu akainua mkono mzima na kusema, "Kresti." Mchungaji akafurahi mno. "Amina! Mmesikia? Anamtaja Kristo!" Na wewe, kwa heshima zote, ukasema, "Hapana, Mchungaji. Anaomba hewa kidogo." Nilikukanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeuma mdomo nisicheke.

Nikiwa mzee na nimesahau mengi, nitaikumbuka siku ile ya somo lako la Kirusi kwenye kompyuta. Yule binti Mrusi anayewafundisha alikuwa anauliza majina ya michezo ya nyumbani, na wewe ukamtajia karata kwa majina ya Babu. Akavua miwani. Akakuuliza nani amekufundisha kusema vile, maana kwenye vitabu yamo majina mengine, trefi, bubni, piki, chervi, majina yaliyovaa tai. Haya yako, alisema, ni ya kwenye treni, ya bwenini, ya jikoni kwa watu. Na lile la vini hajalisikia tangu bibi yake wa kijijini afariki. "Babu yangu," ulimjibu, ukaigeuza kompyuta ili amwone. Babu alitazama ule uso mweupe kwenye kioo, akasikia lugha ile ikimwamkia, akaketi wima. "Chirva," alimwambia. Yule binti akaweka mikono yote miwili mdomoni.

Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko. Nilijivuna mpaka nikaona aibu kujivuna. Baba yangu, ambaye nchi mbili hazikutaka kuona vyeti vyake, alikuwa na kitu ambacho mwalimu alitaka kukisikia. Na wewe ndiye uliyekibeba. Mimi kiliniruka. Kilitoka kwake kikatua kwako, kikipita juu ya kichwa changu, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisoma.

Sasa unaona kwa nini umenipa mtihani. Kwangu mimi hasemi hata moja kati ya hayo manne. Wiki za mwanzo alijaribu. Alinitazama akasema, "Bubi," na mimi nikamjibu, "Si bubi, Baba. Chai." Sikumbuki ni mara ngapi. Alipoacha, sikugundua kwamba ameacha. Sasa nikiingia chumbani anafunga mdomo kama mtu aliyemwona mkaguzi. Ananiruhusu nimwoshe, nimvalishe, nimpe dawa. Anasubiri urudi ndipo aseme kwamba maji yalikuwa ya moto mno.

Nakuandikia hili ulibebe huko uendako, na si kwa ajili ya Babu tu. Utakuwa mgeni. Utakosea, watakusahihisha, na wengi watakusahihisha kwa nia njema. Itika, jifunze. Lakini angalia nani anakusahihisha ili akuelewe zaidi, na nani anakusahihisha ili abaki na yule wewe aliyemzoea kichwani mwake. Na mtu akikujia na neno bovu mkononi, pokea kwanza. Mimi nilichelewa kujua kwamba neno bovu linaweza kuwa ndilo pekee mtu alilobaki nalo.

Nimesimama kumtazama. Bado yuko dirishani. Nimemuuliza kama anataka chai, nikasema hata "bubi", kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu viatu vya mwingine. Hakugeuka.

Ngoja nikueleze tulivyocheza, labda nitaona kosa. Nilizisimamisha karata zake kwenye brashi kama unavyofanya. Sheria nazijua, nimewasikia miaka yote. Mara ya kwanza nilikuwa na turufu kubwa mkononi, nikaificha, nikaziokota karata zake badala ya kuzila, nikabaki mjinga mimi. Nikapiga makofi. "Umeshinda, Baba! Hongera!" Alinitazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Mara ya pili nikafanya hivyo hivyo, mapema zaidi, ili afurahi haraka. Hapo ndipo alipozisukuma zote chini.

Riziki, nimeandika sentensi hizo mbili na kalamu imesimama.

Mwezi uliopita nilikukemea. Mlikuwa mnacheza, akabaki na karata mkononi, na wewe ukamnyooshea kidole ukiruka ruka: "Mjinga! Mjinga wewe, Babu! Leo umebaki!" Nilitoka jikoni kama moto. "Mtu mzima, mgonjwa, babu yako, unamwita mjinga?" Na ukanijibu bila hata kunitazama, kwa sababu ulikuwa unachanganya karata: "Si mimi, Mama. Ni mchezo." Babu alikuwa anacheka upande mmoja wa uso. Nililiona kosa la adabu. Sikuuona uso.

Wewe hujawahi kumwachia. Tangu mkeka ule, tangu ukiwa na meno ya utoto, hujawahi hata mara moja kumwachia, na yeye hajawahi kukuachia. Mimi nimemwachia mara mbili katika asubuhi moja. Nimempigia makofi baba yangu kama mtoto aliyemaliza uji.

Naweka kalamu chini.

*

Nimerudi. Naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Nilikwenda nikaketi mbele yake, nikamzibia dirisha. Nikachanganya. Nikagawa. Turufu ikatoka kresti. Akatazama pembeni, nami nikacheza bila kumngoja, karata ndogo ya vini, mbele yake kabisa, kwa nguvu, mpaka meza ikalia. Akaitazama. Mkono wake wa kushoto ukatoka polepole, ukachomoa karata kutoka kwenye brashi, ukaifunika yangu. Nikaongeza nyingine. Akafunika. Nikaongeza ya tatu, na hiyo hakuwa na ya kuifunika, ikabidi aziokote zote.

Hakuzoea kuokota mbele yangu. Aliniangalia. Nikamwambia, "Ndiyo, Baba. Okota."

Kuanzia hapo tulicheza kweli. Nimegundua kwamba nina akili ya mchezo huu. Nazikumbuka karata zilizotoka kama ninavyokumbuka namba za makontena. Yeye naye ana ujanja wa miaka mingi. Alinificha malkia wa bubi mpaka nikasahau yupo, halafu akamtoa taratibu, akamweka, akaacha kidole juu yake. Nikamla kwa turufu.

"Vini!" alisema.

Nilikaribia kuinuka nikalete dawa ya mkono. Nikajizuia, nikamtazama usoni. Hapakuwa na maumivu pale. Palikuwa na mwanaume aliyeudhika kwa sababu amepoteza malkia wake.

"Vini hivyo hivyo," nikamjibu. "Cheza."

Akacheza. Akasema bubi kwa hasira, akasema chirva kwa dharau, akasema kresti alipochomoa turufu, na safari hii hakutaka dirisha. Sikumsahihisha hata moja. Nilijibu kila neno kwa neno lile lile, na nakuambia, mwanangu, tulizungumza. Sijui tulisema nini. Sijazungumza na baba yangu kiasi kile tangu Lubumbashi.

Mwishoni nilikuwa na karata moja na yeye tatu. Nikaiweka ya kwangu. Hakuweza kuila. Mkono wangu ukabaki mtupu, na yeye akabaki na zake kwenye brashi.

Hapo pakawa pagumu. Unajua tulivyolelewa. Mimi huyu, ambaye mpaka leo nampa baba yangu kikombe kwa mikono miwili na goti limekunjwa. Yeye alikuwa ananingoja, macho yamemtoka juu ya zile karata, kama anayesema, haya, utathubutu?

Nikanyoosha kidole. "Mjinga," nikasema. "Leo mjinga ni wewe, Baba."

Alicheka. Upande mmoja wa uso, lakini kwa tumbo zima, mpaka mate yakamtoka na brashi ikaanguka. Nikacheka naye. Nilikuwa nimesahau kwamba tuna kicheko kimoja, mimi na yeye.

Kwa hiyo ukirudi, mwulize kama ulivyosema. Sitafungua mdomo. Nina hakika na jibu lake.

Nenda, Riziki. Utakwenda kwa watu wanaosema maneno ya babu yako barabarani kama maneno ya kawaida, na hutakuwa mgeni wa kila kitu. Ukiyasikia kwenye treni, usiharakishe kutulilia. Ketini mcheze, na usimwachie mtu. Hujaniachia mzigo hapa. Umeniachia mwenzangu wa kucheza, na nimechelewa miaka mingi, kwa hiyo tuna kazi. Sijawahi kufanya kitu kizuri kuliko wewe, na safari hii sitaki kulisema kwa usahihi, nataka tu ulijue.

Nakatisha hapa. Baba anagonga meza, anadai turudie, na nimeacha karata zangu juu ya kiti changu. Sasa hivi nimeinua kichwa nikamkuta amejinyoosha mpaka mwisho wa shingo, anazichungulia.

Mama yako